Mganga Mkuukuu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shemeji mfikishie yake, na wapwa zangu uwakumbatie mmoja mmoja kwa niaba ya mjomba wao. Natumaini barua hii itakukuta umeinuka kitandani na ule mgongo umeanza kukuachia. Sisi huku tunapumua. Nikisema hatujambo nitakuwa nimekudanganya, na nilishakudanganya mara moja kwenye simu inatosha. Nilikuambia Mama aliteleza kwenye ngazi. Mama hakuteleza, Dada. Alipigwa. Kaa chini kwanza, kisha uendelee kusoma.

Unajua serikali iliagiza kila hospitali ya wilaya iwe na chumba cha tiba asili, na Mama akawa wa kwanza kusajiliwa hapa kwetu. Walimpa chumba namba kumi na moja, kati ya maabara na stoo ya magongo. Alikuwa na meza, mizani ndogo, na makopo yenye lebo alizoandika kwa mkono wake. Siku ya kwanza mganga mkuu wa hospitali alimtania mbele ya wauguzi, akamwambia, "Mama, mimi hapa ndiye mganga mkuu. Wewe tukuite nani?" Mama akajibu, "Niite mganga mkuukuu." Walicheka mpaka wakaegemea ukuta, na tangu siku ile wakawa kitu kimoja.

Utaratibu waliupanga wao wawili. Mama humhoji mgonjwa, humwandikia karatasi ya njano, mgonjwa huileta kwangu kwenye dirisha la dawa. Kazi yangu ni kuisoma, kuilinganisha na kadi yake, na nikiona dawa za Mama na zetu hazigombani, nagonga muhuri. Bila muhuri wangu Mama hafungui kopo. Watu walikuja wengi. Hata yule daktari wa meno, aliyekuwa akipita mlangoni pake kama anapita penye maiti, alimpeleka mama mkwe wake.

Sasa nikueleze kuhusu fundi. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa miraba minne, goti likimuuma. Mama alimpa unga wa mzizi. Siku ya tisa akaletwa hospitali kwenye mkokoteni, shati limelowa damu hadi mkanda. Damu ilimtoka puani na kwenye fizi, na mkojo wake ulikuwa mwekundu. Muuguzi alimziba pua kwa pamba, na kabla hajakata pamba nyingine ile ya kwanza ilikuwa inadondosha. Nilipeleka mwenyewe sindano ya kugandisha damu, nikasimama kwenye miguu ya kitanda nikamwona akitapika mabonge meusi kwenye mapaja ya mkewe. Alikufa saa nne asubuhi, macho wazi. Mkewe alibaki ameshika nyayo zake, akizisugua kana kwamba zina baridi tu.

Daktari wa zamu alitoka wodini akavua glavu na kusema, watu wakisikia, "Hizi ndizo dawa zao za kienyeji." Neno hilo lilitosha.

Saa sita wakaja. Walikuwa nduguze watatu na mafundi wenzake wa karakana, wameshika mabomba ya chuma. Mlinzi aliwatazama mara moja, akaruka ukuta. Mlango wa namba kumi na moja ulivunjika kwa pigo la pili. Walimtoa Mama kwa nywele, Dada, wakamburuta juu ya unga wake mwenyewe uliomwagika koridoni. Wagonjwa walikimbia na dripu zao mikononi. Mkubwa wa ndugu wale akamuuliza nani alimruhusu kumpa ndugu yao sumu. Mama alikuwa amepiga magoti. Akajibu, "Nilimpa mimi." Akaulizwa tena, na bomba limeinuliwa. Akasema yaleyale. Akakinga uso kwa mkono, na mkono ule niliusikia ukivunjika kutoka nilipokuwa. Walimpiga mgongoni, mbavuni, wakampiga na usoni mpaka jicho la kushoto likafumba na damu ikajaa pale lilipokuwa. Mmoja alichukua mizani akamtwanga nayo vidole.

Utauliza mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa nyuma ya nondo za dirisha langu, hatua ishirini hivi, na mlango wa famasi nilikuwa nimeufunga kwa komeo. Mama aliinua kichwa mara moja akaniona. Kisha akageuza uso upande wa ukuta.

Polisi walipofika na wale kutawanyika, walimkamata yule mkubwa, wakamfunga pingu na kumkalisha kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Ndipo nikatoka. Nilichomoa mtungi wa kuzimia moto ukutani, nikampiga nao usoni. Alianguka na benchi lake. Nikampiga tena akiwa chini, na tena, mikono yake imefungwa nyuma, mpaka taya likalegea na meno yakawa sakafuni. Askari alichelewa kunishika, na nadhani alichelewa makusudi. Watu walinipa mkono. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni alisema huyo ndiye mtoto wa kiume, mama yake hakuzaa bure. Nilizipokea sifa hizo, Dada. Nilikwenda kunawa mikono, nikarudi, watu wakanisifu tena.

Mama amewekwa vyuma mkononi, sehemu mbili. Jicho halikuokolewa. Kesho kamati ya wilaya inakutana, na maneno yaliyopo ni kwamba chumba namba kumi na moja kitafungwa, vya wilaya nyingine navyo vifuate, na Mama ashtakiwe kwa kuua. Mganga mkuu anamtetea, lakini yuko peke yake.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu.

Karatasi ya fundi ilinifikia. Huku dirishani wenzangu wananiita Mwana wa Mizizi. Asubuhi fundi alipoileta, mmoja wao alipaza sauti kwamba waraka wa mama umewasili, na foleni nzima ikacheka. Niliona haya. Niligonga muhuri bila kusoma, nikamrudishia. Na haikuwa mara ya kwanza, kwani kwa miezi miwili nilikuwa nagonga hivyohivyo ili karatasi zile zinitoke machoni upesi. Kumbe, nilivyokuja kuisoma jana, Mama alikuwa ameandika: "Anameza kidonge cheupe, jina halijui. Mzizi wangu unalainisha damu. Tazama kadi yake, mwanangu. Vikigombana usigonge." Kadi, nilipoitazama baadaye, ilionyesha wazi kwamba alikuwa kwenye dawa yetu ya kuzuia damu isigande, tangu mguu wake ulipovimba mwaka jana. Nilikuwa nampa kile kidonge kila mwezi kwa mkono wangu.

Jana nilimweleza Mama. Nililia kabla sijafika katikati. Akaniambia anajua. Karatasi yenye muhuri wangu ilikuwa mfukoni mwa gauni lake siku ile wanampiga, na sasa iko chini ya mto wake. Nilimuuliza kwa nini hakuitoa, kwa nini hakuwaambia ni nani aliyeruhusu. Akasema, "Wangekuja dirishani kwako. Wa kupigwa mmoja alitosha."

Nikamwambia nitaipeleka kwenye kamati. Akasema, "Basi mkono wangu umevunjwa bure." Niliingiza mkono chini ya mto nikaitoa. Alinishika kiganja kwa ule mkono wake mzima, na bado ana nguvu, Dada, kucha zake zimeniachia alama. Akanishika hivyo mpaka muuguzi alipoingia na dawa. Ndipo akaniachia, akanigeuzia upande wa jicho lisiloona.

Utakapoisoma barua hii nitakuwa nimekwisha kusema yote, la karatasi na la yule niliyemvunja taya amefungwa pingu. Hasira yake ilikuwa halali. Alikosea mtu tu. Usinipigie simu kunizuia, utakuwa umechelewa. Njoo umwangalie Mama. Vyuma vinasafishwa asubuhi na jioni, na hataki kulishwa na mgeni. Akikataa kunizungumzia, usimlazimishe.

Nisalimie wote wa hapo nyumbani kwako. Waambie wapwa zangu mjomba wao huenda akakaa muda bila kuonekana, na sababu waambie ile ya kweli.

Ni mimi mdogo wako, uliyeniachia ziwa.