Gwenhwyfar Nusura Amuue Mama Mkubwa

Nesta rafiki yangu, acha kukanda huo unga, usome ujumbe huu!  Nilidhani nimemuua Mama Mkubwa Blodwen. Kwa jina tu!

Nimeingia kwake na keki, nikapaza sauti kwa sababu ya masikio yake: "Gwenhwyfar!" Nilitaka kumwambia kwamba mjukuu wangu Lowri kampa mtoto wake jina la yule malkia wa hadithi, mke wa Mfalme Arthur, anayesemwa alikuwa na mpenzi wa kando. Nikasahau kabisa kwamba enzi zao, hapa kwetu Wales, kumwita mwanamke hivyo ni kumwita mzinzi.

Kikombe kikamponyoka. "Umeniitaje?"

UMENIITAJE, Nesta! Kisha kalegea kitini, midomo ya buluu. Nikapiga simu ya dharura huku nalia, "Mama Mkubwa usife, ni jina la mtoto!"

Kafumbua jicho moja. "Nani kakuambia habari za Ifor?"

Ifor! Baba yangu! Mume wa dada yake!

 Kanikamata mkono, kucha zikazama. "Sikiliza, we mtoto. Katika hadithi za kale malkia yule aliibwa tu, maskini. Mpenzi alipewa baadaye, na watunzi wa Kifaransa."

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

"Basi ukisimulia habari zangu, zisimulie kama wale wa kale."

Wamempeleka hospitali, anapumua. Mimi niko jikoni kwake, naogopa hata kupita mbele ya kioo.

Nesta, tangu utotoni mnanitania kwamba nina pua ya Mama Mkubwa, wala si ya mama.

Niambie sina.