Mama Alikaa Kiti cha Nyuma

Baba Zuhura,

Nimemwambia mama yako. Naliweka hilo mbele kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka, na wewe hukupenda mtu anayezunguka. Uliniomba jambo moja tu pale wodini, nikakushika mkono nikasema sawa. Nimelivunja. Tena nililivunja mchana, barabarani, majirani wamesimama milangoni na mimi nimevaa nguo za eda. Nataka ulipate kwangu mwenyewe, lote, hata yale yanayonichafua.

Siku ile unaijua kuliko mimi, lakini naiandika kwa sababu hapa Ujiji inasimuliwa vibaya. Tulikuwa tunarudi kutoka kwetu Kasulu, tulikompeleka Zuhura akaonwe na babu yake. Wewe kwenye usukani, mimi kushoto kwako, Zuhura nyuma yangu kwenye kile kiti chake ulichokiagiza Dar, na Mama nyuma yako. Kiti cha mtoto ulikifunga kama kawaida yako, goti moja juu yake, unavuta mkanda mpaka hakichezi, halafu unapitisha vidole viwili kati ya mkanda na kifua cha Zuhura na yeye anacheka kwa kutekenywa. Watu wa kwetu walitoka nje kutazama. Baba yangu aliuliza kama mjukuu wake anapelekwa mwezini. Kwenye buti kulikuwa na dumu la mawese, nalo ulilifunga kamba lisije likaruka. Mama hukumfunga.

Lakini ulimwambia. Mama akajibu kwamba mkanda ni wa watu wa mbele, wa kuogopea polisi. Yeye yuko nyuma, aende wapi? Ukazima gari, ukasema huondoki mpaka afunge. Kisha ukaliwasha, tukaondoka.

Njiani nililaza kiti changu nyuma nikapandisha miguu juu ya dashibodi, ukanigombeza. Ulisema mkanda haumshiki mtu aliyelala, kwamba nitachomoka chini yake kama samaki wa mgebuka anavyochomoka mkononi. Nilinuna. Nikakiinua kiti, nikakaa wima kama niko kwenye kikao cha walimu, sikusema na wewe tena. Nilikuwa bado nimenuna tulipoikaribia Kidahwe, tukapinda kona, na lile lori la mbao limeharibika katikati ya barabara bila hata tawi la mti la kuonya watu.

Hatukuligonga kwa kasi kubwa. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba haikuwa kasi kubwa. Mkanda ulinikaba begani, ukanirudisha. Zuhura alianza kulia, nikajua yu hai. Halafu nikageuka upande wako. Kiti chako kilikuwa kimekunjika kwenda mbele, wewe uko katikati ya kiti na usukani, na Mama amelala juu ya mgongo wa kiti kwa uzito wake wote, mikono yake imekupita mabegani. Ulisema neno moja tu, "Mama." Baada ya hapo ulikuwa unapumua kama mtu anayenyonya hewa kwa mrija.

Mama alivunjika mfupa wa bega. Mimi nilipata michubuko. Zuhura hakupata kitu.

Hospitalini daktari aliniita pembeni. Alisema mkanda ulikuwa umekushika vizuri, na kwamba wewe peke yako ungetoka kama mimi, na maumivu ya wiki mbili. Mbavu zako zilivunjika kutokea nyuma. Mtu asiyefungwa, alisema, gari likisimama yeye anaendelea na mwendo uleule, na chochote kilicho mbele yake ndicho kinachomsimamisha. Nikarudi kitandani kwako najifuta uso, na kabla sijafungua mdomo ukaniambia, "Nilimsikia Mama akija. Usimwambie." Kesho yake ulikuwa umekwenda.

Mjomba Yahaya ndiye aliyesimamia kukuosha. Aliona ile alama ya mkanda, nyeusi, kutoka bega la kulia mpaka nyonga ya kushoto. Hakuona mgongo? Aliuona, lakini mgongo haukuwa na hadithi, alama ya mkanda ilikuwa nayo. Kabla hujafika makaburini habari ilikuwa imeshatoka kwamba mkanda ndio uliokunyonga.

Mama aliichukua habari hiyo akaishika kwa mkono wake mzima. Alikaa mkekani, mkono mwingine umefungwa kitambaa shingoni, na kila aliyekuja kuhani aliambiwa. Aliwaambia kwamba mkanda ulimnyonga mwanawe. Halafu alimalizia kwa yale mengine, na hapo alikuwa ananitazama mimi: "Na aliniita. Mwana wanje, mwanangu, aliniita mimi, hakumwita mtu mwingine." Wanawake walilia. Na mimi nililia, kwa hasira.

Unamkumbuka yule rafiki yako wa Katonga, mliyekuwa mnanunua naye dagaa? Alikuja kunipa pole, akaniambia kutoka ukumbini, mlango ukiwa nusu wazi, maana niko edani, kwamba mikanda yote ya gari lake ameikata kwa kisu. Kwa heshima yako, alisema. Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru, kwa sababu nilikuahidi kunyamaza na nilidhani kunyamaza ni pamoja na hilo.

Kiti cha Zuhura Mama alikiburuta uani, akakata mikanda yake, kuku wakaanza kutagia humo. Zuhura akawa anatumwa kuokota mayai kwenye kiti chake mwenyewe. Hata hilo nilinyamaza. Kiti kilichopitia ajali hakitumiki tena hata kikiwa kizima, hilo wewe ndiye uliyenisomea kwenye kile kikaratasi chake, kwa hiyo nikajiambia hakuna kilichopotea.

Eda yangu ilikuwa mwezi wa tatu Mjomba Yahaya alipokuja na gari lake kuwachukua Mama na Zuhura waende Kidahwe kumwona shangazi yako anayeumwa. Barabara ileile. Nilikuwa ndani. Nikachungulia dirishani nikamwona Mama amekaa kiti cha mbele, amekilaza apate kupumzisha bega, na Zuhura amepakatwa mapajani, magoti ya mtoto yanagusa dashibodi.

Nikatoka. Bila viatu, Baba Zuhura, na nguo zangu za eda, mbele ya watu. Nikamwambia Mama naomba mtoto akae nyuma afungwe. Hakukasirika. Alinijibu kwa upole, kama anayenifariji.

"Mikono yangu ndiyo mkanda wake."

Mkono wake mmoja mpaka leo hauinui sufuria ya uji.

Nikasema, "Si mkanda uliomuua Hamisi, Mama. Ni wewe. Uliruka kutoka nyuma ukamponda. Daktari aliniambia, na mwenyewe alijua."

Mjomba alishuka akanishika mkono, akanitaka nirudi ndani. Mama akamwambia aniache, akaniomba nirudie. Nikarudia. Nilirudia polepole, kwa Kiha, asije akasema baadaye kwamba hakuelewa.

Aliweka kidevu chake juu ya nywele za Zuhura. Kisha akauliza, "Kwa hiyo pale aliposema Mama, hakuwa ananiita?"

Ningeweza kusema sijui. Ilikuwa kweli pia, sijui, hakuna anayejua isipokuwa wewe. Alikuwa amebakiwa na hilo neno moja tu, nami nilijua.

"Alikuwa anakusikia unakuja," nikasema.

Nikafurahi. Nitakuandikia na hilo. Nilipoona uso wake unavyoporomoka nilifurahi, kama mtu aliyekuwa amebeba ndoo ya maji kutoka ziwani na sasa ameitua juu ya mguu wa mwenzake. Haikudumu, lakini ilikuwapo. Mama alimwachia Zuhura, akashuka garini, akapita mbele yangu akaingia ndani. Hakuna aliyekwenda Kidahwe siku ile. Shangazi yako alifariki baadaye wiki hiyo, na Mama hakuwa amemwona.

Kikao cha ukoo kilikaa barazani kwako. Mjomba Yahaya alisema nimemtukana mkwe wangu, nimevunja eda, nimemsingizia mama wa watu damu ya mwanawe. Wazee wakaafikiana kwamba eda ikiisha nirudi kwetu Kasulu, na Zuhura abaki. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nasikia jina la mwanangu linavyogawiwa. Ndipo Mama akasema, "Haendi mtu. Nani ataniogesha?" Kikao kikaishia hapo. Wengine wanasema alinisamehe. Si kweli. Bega halimruhusu kufika mgongoni, na hataki mikono mingine.

Kwa hiyo namwogesha. Kila siku alasiri, nikitoka shule, maana eda imekwisha na nimerudi Buzebazeba kufundisha. Namwagia maji ya vuguvugu, nasugua lile bega lililounga vibaya, lenye kinundu kama ngumi ya mtoto. Kinundu kile kilitokea kwenye kiti chako. Nasugua hapo kama kwingine. Wiki kadhaa hatukusema chochote zaidi ya "geuka" na "maji yamepoa". Halafu siku moja, amenipa mgongo, akasema, "Ulimwambia aniache. Nilikusikia."

Baba Zuhura, pale juu nimeruka kitu.

Ulipozima gari kule Kasulu, hukuliwasha kwa hiari yako. Jua lilikuwa linatuchoma, Zuhura ameanza kulialia, na mimi nikakwambia, "Mwache Mama bwana, twende." Ukanitazama. Ulikuwa huwezi kunikatalia mbele ya wazazi wangu, na nilijua huwezi. Ndipo ukawasha gari. Sikumwambia daktari hilo, sikumwambia mtu, na siku ile barabarani nilipomtupia Mama kifo chako chote, sikumpunguzia hata kipande hicho kilicho changu. Yeye alikuwa anakijua tangu mwanzo. Kikao kizima, wazee wote wale, angeweza kukisema, na mimi leo ningekuwa Kasulu bila mtoto. Alikitunza mpaka tuwe wawili, bafuni, yeye uchi na mimi na sabuni mkononi.

Nikamalizia kumwogesha. Nilipomfunga khanga alisema tu kwamba sabuni imeingia jichoni.

Hujauliza habari za mikanda, lakini nakupa. Rafiki yako wa Katonga niliufuata mlango wake baada ya eda nikamwambia ukweli. Akasema mkanda ukishakatwa haushonwi, na mpya hajui ataupata wapi. Anaendesha hivyo hivyo mpaka leo. Mjini wengi hawajaamini. Wanasema huzuni imenichanganya, na ninapopita na Zuhura wanamtazama yeye kwa huruma. Mwalimu mwenzangu aliyehama amenipa kiti cha mwanawe, kisichowahi kupata ajali, kile cha mtoto mkubwa kidogo, kinachomwinua ili mkanda wa gari umpite begani badala ya shingoni. Mara ya kwanza kukiweka kwenye gari la Mjomba nilichukua nusu saa nikitokwa jasho, na Mjomba amesimama pembeni anatazama. Lakini sasa Mjomba asipokifunga mwenyewe, Zuhura hapandi. Hilo limefika.

Juma hili tulimpeleka Mama hospitali kuangaliwa bega. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda gari tangu siku ile aliposhuka mbele yangu. Mjomba kwenye usukani. Mama alikwenda moja kwa moja kiti cha nyuma, nyuma ya Mjomba, akakaa, akaweka mikono mapajani akasubiri. Nikaelewa kwamba hawezi kuuvuta mkanda kwa mkono ule, na kwamba hataniomba.

Nikainama juu yake nikauvuta. Nikaupitisha juu ya lile bega, nikausukuma mpaka ukalia kwenye kufuli lake. Hapo ulikuwa umetosha. Nikavuta tena. Nilivuta mpaka nikaona mfupa umesogea chini ya gauni, nikaushikilia hapo, namtazama usoni. Machozi yalimtoka. Hakusema niache. Alinitazama tu kama mtu aliyekuwa anangoja ifike zamu hiyo. Mjomba akauliza tumekwama nini huko nyuma. Nikasema tuko tayari, nikaulegeza.

Nakuaga sasa, Hamisi. Zuhura analala vizuri. Siwezi kukuahidi kwamba nitampenda mama yako, na nadhani naye hakuahidi hivyo kwangu alipokataa nifukuzwe. Ahadi uliyoniachia nimeshindwa kuitunza, kwa hiyo nakupa nyingine, ndogo, ninayoiweza. Jumatatu tunarudi naye hospitali. Nitamfunga mkanda ulale chini nyongani na upite katikati ya bega, nitaingiza vidole vyangu viwili kuona kama una nafasi, na hapo nitaacha kuvuta.

Mkeo,
Mama Zuhura