Mashine Yao Haimjui Ines

Rim, nimetoka kwenye usaili wa ile kazi ya kompyuta sasa hivi. Nimeaibika, we acha tu!

Walinipa kompyuta yao, wakaniambia ninakili mafaili ya mteja. Nikachapa "ines", ile amri fupi niliyojitungia badala ya ile ndefu ya kunakili. Kompyuta ikajibu: amri haijulikani. Nikarudia. Haijulikani! Kumbe iko kwenye laptop yangu tu.

Bwana Ghazi, aliyekuwa akinisaili, akauliza, "Ines ndiye nani?"

"Binti yangu."

"Mashine yetu haimjui, dada, na ya mteja haitamjua. Andika amri kamili."

Rim, ile kamili nimeisahau! Masomo yote yale ya jioni, halafu mwaka mzima nachapa jina la mtoto!

Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema nirudi Jumatatu, bila vifupisho.

Nimeshavifuta vyote kwenye laptop yangu. Jumapili njoo unishikie mtoto nijifunze, nitakupikia brik, zile sambusa za yai. Kazi hii naitaka, shoga yangu.