Jiko la Mama Kwenye Sayari Elfu

Kuala Lumpur, 21 Oktoba 2024

Kwa mdogo wangu Damar,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi chako cha kiangazi kimekuachia. Mimi sijambo, ni macho tu yanayouma kwa kukodolea kioo. Mama mdogo Parti hajambo? Magoti yake je?

Najua uliniambia nisikuandikie tena. Nimetii miaka miwili na ushei, leo nimeshindwa.

Mchezo wetu wa kompyuta umekamilika. Ni huu huu Anga Elfu niliokuwa nikiutengeneza mama alipougua, na alipofariki, na ulipomzika wewe na majirani bila mimi. Nikakosa kisomo cha siku ya saba. Nikakosa arobaini, nikakosa na siku ya mia. Kila mara bosi aliniambia, "Wening, zimebaki wiki mbili tu," nami kila mara nikamwamini. Sijitetei, nakwambia tu nilikokuwa.

Jarida lenu litaletewa nakala wiki hii, kabla ya wateja, kama ilivyo desturi yenu wahakiki. Naomba uucheze wewe, si yule mwenzako wa michezo ya mpira. Siombi sifa. Ila ukishajitengenezea nahodha wako na kupata chombo, nenda anga la tisa, utafute sayari ndogo ya barafu iitwayo Kembang. Tua upande wa kusini, kisha fuata moshi kwa miguu. Kuna kitu nimekuwekea. Hapa kampuni hakuna anayejua ni cha nani.

Nisalimie wote.

Dada yako,
Wening

* * *

Klaten, 24 Oktoba 2024

Kwa Dada Wening,

Waaleikum salaam. Mimi mzima. Kikohozi kiliisha tulipohama. Mama mdogo Parti magoti bado, mdomo salama kabisa. Nilipomwambia umeandika akauliza, "Wening yupi? Yule anayeishi mwezini?"

Nakala imefika. Nimemwambia mhariri kwamba mmoja wa waliotengeneza ni dada yangu, nikidhani atampa mtu mwingine. Akacheka: "Dada ambaye hamsemezani? Basi chukua wewe, utakuwa mkali zaidi." Tumetia saini ile karatasi ya kufunga mdomo mpaka tarehe 12 Novemba, saa tisa alasiri.

Nikwambie mapema, ili tusije tukalaumiana. Matangazo yenu nimeyafuata miaka mitatu. Sayari elfu moja, hakuna mbili zinazofanana! Unazungumza na yeyote, na kila neno lako lina matokeo! Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na wenu umetembezwa mpaka soli zimeisha. Ukiwa mzuri nitasema mzuri. Ukiwa mbovu, undugu hautaupaka rangi.

Hiyo Kembang yako nitapita nikipata nafasi.

Mdogo wako,
Damar

* * *

Klaten, 29 Oktoba 2024

Dada yangu Wening,

Asalaam aleikum. Umeamkaje? Umekula? Nauliza kwa moyo leo.

Nimefika Kembang. Nilitua kusini, nikafuata moshi kama ulivyosema, huku nikinung'unika kwamba moshi gani tena kwenye barafu. Nikaona mlango. Dada, ule mlango! Na ule ubao wa chini uliotafunwa na mbuzi wa jirani.

Nikaingia. Mtungi wa maji upo, na kata ya kifuu. Kalenda ya duka la dhahabu imeishia Agosti. Majani ya mgomba yamepangwa tayari kufungia tempe, zile soya zake za kuchachusha. Kile kikombe cha bati cha kijani, kilichobanduka rangi mdomoni, kimening'inia kwenye msumari wake. Nikamkalisha nahodha wangu mkekani, mimi mwenyewe nikalia pale ofisini. Wenzangu wakaniuliza nina nini, nikawaambia ni pilipili. Na mezani hapakuwa na chakula.

Wewe hukuiona siku nyumba ilipovunjwa kupisha barabara ya kulipia. Mimi niliiona. Sasa malori yanapita pale mama alipokuwa akikaa kukunja majani yake. Nilidhani jiko lile limekwisha duniani, kumbe umelihifadhi.

Yale maneno niliyokwambia kwenye simu baada ya arobaini, nayafuta.

Na kusema kweli, mchezo wenyewe mpaka sasa naupenda. Vita vya angani ni vitamu. Yule mwenzangu wa chomboni, mzee wa kutengeneza injini, ana utani kama wa Mama mdogo Parti.

Mdogo wako akupendaye,
Damar

* * *

Klaten, 2 Novemba 2024

Wening,

Salaam. Sina la kuulizia hali leo.

Jana nilitua kwenye sayari ya jangwa, anga la kumi na nne. Nimetumwa kumtafuta haramia. Nikaona nyumba, nikafungua mlango. Mtungi. Kata. Kalenda ya Agosti. Haramia amesimama juu ya mkeka wa mama na bunduki, ananitukana.

Nikasema labda nimechanganya njia. Nikaenda sayari nyingine, yenye misitu. Jiko lile lile. Nyingine ya mawe, lile lile. Leo nimeshinda kutwa nzima nikihesabu, nimefika arobaini na moja. Kwenye moja nimekuta maiti wanne wamelazwa mlangoni, kwenye nyingine wamefuga madudu yenye mikia. Kikombe kimetundikwa kila mahali, arobaini na moja, na rangi imebanduka pale pale.

Mmemfanya mama fanicha. Kampuni ilikosa nyumba za kujazia ahadi yake ya uongo, ukaitolea yetu. Hukuja kumzika, ukamtawanya.

Mimi nililia, Wening. Nilikulilia wewe pia. Unajua inavyouma kuyaonea aibu machozi yako mwenyewe?

Damar

* * *

Kuala Lumpur, 4 Novemba 2024

Damar, mdogo wangu,

Asalaam aleikum. Nimeisoma barua yako nikiwa kazini, na sikupata pa kujificha.

Sikumtoa mama kwa kampuni. Nisikilize kwanza, kisha unihukumu.

Kazi yangu ni kujenga nyumba na vyombo. Kompyuta ndiyo inayozipanda nyumba kwenye sayari, maana binadamu hawezi kujaza sayari elfu kwa mkono. Inachota kutoka folda moja ya pamoja, kama mtu anayechota mchele kwenye gunia bila kuangalia. Vitu vya mahali pamoja tu vina folda zake, na kila kilichomo humo lazima bosi akipitishe. Jiko la mama nililijenga katika saa zangu za chakula, miezi minne. Ningeliweka kule, angeuliza hili ni la nani, nani karuhusu. Basi nikalificha kwenye gunia, katikati ya nyumba mia mbili za wenzangu. Nikalipanda Kembang kwa mkono wangu, nikakusudia kulitoa kwenye gunia kesho yake. Kesho yake ikawa zile wiki za kukaza, tunalala chini ya meza. Nikasahau.

Halafu wiki ya mwisho nyumba nyingi za wenzangu zikaondolewa kwa kuwa zilikuwa nzito, mchezo ukikwama. Langu lilikuwa jepesi, nililijenga kwa uangalifu mno. Kompyuta ikapenda kulichota.

Kosa ni langu peke yangu. Nililigundua siku moja na wewe.

Sasa nakuomba jambo moja. Andika lolote kuhusu mchezo. Sema sayari ni tupu, sema ahadi zimetuzidi kimo, ni kweli, na sisi wenyewe tunajua. Lakini jiko usilitaje. Ukilitaja litakuwa kichekesho, na wakishacheka, bosi atataka lifutwe kote, hata Kembang. Nyumba halisi imevunjwa, Damar. Hilo likifutwa, hatuna mahali pengine.

Dada yako,
Wening

* * *

Klaten, 12 Novemba 2024

Kwa Dada Wening,

Asalaam aleikum. Natumaini u mzima.

Sasa ni saa tisa na nusu, kwa hiyo uhakiki wangu umeshatoka nusu saa. Nakuwekea hapa kipande, usije ukasikia kwa watu:

"Anga Elfu ina mapigano ya kusisimua, na watu wachache wa chomboni ambao utawakumbuka. Lakini iliahidi sayari elfu, ikatupa sayari ishirini na vivuli vyake. Jiko moja la kijijini limerudiwa mara nyingi mno hata mchezaji anaacha kuliona. Ni huzuni, kwa sababu aliyelijenga alikuwa fundi kuliko wote waliogusa mchezo huu, na mchezo haukustahili mikono yake. Sita kwa kumi."

Nililifuta lile la jiko mara tatu, nikalirudisha mara tatu. Kila atakayecheza ataliona kabla hajamaliza wiki mbili. Nikinyamaza, msomaji atajua nimemficha mtu, na sitaaminika tena hata nikisema jua linawaka. Sikusema ni la nani.

Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mdogo wako,
Damar

* * *

Klaten, 20 Januari 2025

Kwa Dada Wening,

Asalaam aleikum. Hujambo? Hii ni barua ya nne, tatu hukuzijibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nausubiri huo mshindo kila nikifungua kompyuta.

Ulivyosema ndivyo ilivyokuwa. Wachezaji wameliita Jiko la Bibi. Wanashindana nani atalikuta mara nyingi zaidi, wanapiga mtungi risasi, wanacheka. Mmoja ameweka picha ya kikombe kwenye fulana. Nilimwona kijana ameivaa sokoni, mbele ya muuza tempe, nikageuza njia.

Uhakiki siujutii. Lakini nimeona mama akichekwa, na kidole cha kwanza kuonyesha kilikuwa changu. Hilo linaniuma, nakuambia waziwazi.

Nijibu, hata kwa matusi.

Mdogo wako,
Damar

* * *

Kuala Lumpur, 27 Aprili 2025

Kwa mdogo wangu Damar,

Asalaam aleikum warahmatullahi. Natumaini wewe na Mama mdogo Parti hamjambo. Mimi nimekonda kidogo, lakini napumua.

Nilikukasirikia mpaka Desemba. Baada ya hapo nilikuwa na aibu tu, na aibu haijui kuandika barua.

Kampuni inatoa marekebisho makubwa mwezi ujao. Zimejengwa nyumba mpya themanini. Februari bosi aliita kikao akasema, "Hilo jiko la kijinga litoke lote. Wening, wewe una mkono mzuri, lifute." Hakujua.

Kulifuta kote ni amri moja tu, Damar. Unaandika mstari, unabonyeza, umekwisha. Sikuweza. Nikamwambia bosi lazima nikague kila mahali kwa mkono, nisije nikaharibu ardhi chini yake. Ulikuwa uongo.

Zilikuwa sehemu mia sita na kumi na tatu. Kila moja niliingia kwa mlango. Niliondoa silaha, maiti na madudu. Nilifagia. Nikakaa mkekani nikamsomea mama Fatiha, kisha ndipo nikafuta. Siku nyingine kumi, siku nyingine nne tu. Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza mbona midomo inacheza, nikamwambia nahesabu. Sikufika siku ya saba wala ya arobaini wala ya mia. Niliona angalau huko nifike.

Ilipobaki Kembang nilikwenda kwa bosi nikamweleza yote, kosa la folda na jiko ni la nani. Akasema, "Moja halimdhuru mtu." Kisha akasema mkataba wangu ukiisha mwezi huu hautaendelea. Nimekubali. Lipo Kembang tu sasa.

Tarehe 15 Mei mama anatimiza siku elfu tangu afariki. Najua utaita watu wa kisomo. Baada ya elfu hakuna siku nyingine ya kuhesabu. Sijui kama mtu aliyekosa zote ana haki ya kuja ile ya mwisho. Nikija, nitapata pa kukaa?

Dada yako,
Wening

* * *

Klaten, 6 Mei 2025

Dada yangu Wening,

Waaleikum salaam. Sote wazima. Mama mdogo Parti ameshaanza kugombana na watu kuhusu unga wa apem, ile mikate ya kisomo, maana yake afya anayo.

Marekebisho yametoka jana na nimeyacheza kutwa. Mhariri anataka nihakiki upya, kama sasa mchezo umefikia ahadi yake. Nitaandika kwamba haujafikia. Sayari bado nyingi ni tupu, na yule mzee wa injini bado anarudia utani mmoja. Nimeongeza alama moja, saba, kwa kuwa sasa mna mahali pamoja ambapo hapana mfano wake. Sitaandika ni wapi.

Nilikwenda. Nilikaa mkekani. Kisha, kwa kuwa kazi yangu ni kutafuta kasoro, nikaiona, na nimeishangaa mimi mwenyewe kwa kutoiona mara ya kwanza. Kikombe umekitundika kulia kwa mtungi. Mama alikuwa mashoto, Dada. Msumari ulikuwa kushoto. Umekaa mbali mpaka umesahau mkono wa mama.

Siku ya kuvunjwa nyumba nilipewa dakika chache kutoa nilichoweza. Watu walitoa vitanda, mimi nilitoa kikombe. Ninacho. Sikukwambia miaka yote hii kwa sababu nilitaka ukikose. Nisamehe kwa hilo, na mimi nimekusamehe yako.

Nimepiga msumari kwenye jiko la hapa, upande wa kushoto. Tarehe 15 watu watakaa kusoma baada ya alasiri, ila wewe fika mapema, Mama mdogo Parti anahitaji wa kukunja majani na mimi anasema nakunja kama mlevi. Ameniagiza niandike hivi, neno kwa neno: "Mwambie huyo mtu wa mwezini, nafasi yake ya kukaa haijawahi kukaliwa na mtu."

Chai nitakumiminia kwenye kikombe chenyewe. Ukichelewa nitainywa.

Barua hii usiijibu.

Mdogo wako,
Damar