Picha ya Mathias kwenye Fremu ya Mama Minza

Mpendwa mshauri Bi Sikuzani,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanifokea. Niite Nasri, mpiga picha za harusi hapa Kanyenye, Tabora, mwaka wa kumi na moja sasa. Swali langu ni la lenzi, yaani lenzi gani inafaa kumpiga picha mtu anayetua kwa parachuti, maana Jumapili ijayo kikundi cha warukaji kinarudi kwenye uwanja wa huku Ipuli na safari hii sitaki kukosea.

Mwezi Juni nilikosea. Mmoja wa warukaji ni Minza, na mama yake, Mama Minza, ni mteja wangu wa siku nyingi, alihamia Ipuli kutoka Choma. Siku moja kabla ya onyesho alikuja studio akaniambia, "Nasri mwanangu, mimi sitaweza kumwangalia mtoto akidondoka kutoka angani, nitafumba macho nishike rozari yangu mpaka niambiwe yuko chini, kwa hiyo wewe nitazamie." Nikamwambia ondoa shaka mama, nikaenda kuazima lenzi ndefu kuliko zote mjini, ile ya milimita mia sita isiyovuta wala kurudi, na nakiri kwako kwamba sikuichagua kwa ajili ya parachuti, niliichagua kwa sababu watu wakiiona wanapisha njia. Nikasimama pembeni ya hema la wageni rasmi, kama ninavyosimama karibu na meza kuu harusini, kumbe warukaji wanatua wakiuelekea upepo, na upepo ulikuwa unatoka upande wa pili, basi karibu wote wakanipa mgongo, isipokuwa mwenzao mmoja, Mathias, aliyezunguka kwa mbali nikampata vizuri kabisa, kofia ngumu na miwani mikubwa, uso hauonekani. Halafu Minza akaja kutua hatua kama kumi na tano kutoka nilipo, na ndani ya kamera sikuona mtu, niliona kitambaa na kamba vikipita, nikabonyeza mara moja alipogusa chini, nikarudi nyuma mbio, nikajikwaa kwenye kamba ya hema, na nilipoinuka alikuwa ameshasimama anakusanya mwavuli wake. Nina picha moja tu yake, kiatu na vumbi.

Kesho yake mama akaja, na mimi nikamkabidhi picha ya Mathias. Sikusema ni Minza, mshauri, nilinyamaza tu, yeye mwenyewe ndiye aliyeibusu akalia akasema, "Hata miguu nimeitambua, ni ya marehemu baba yake," nami nikaitikia, "Ndiyo mama." Sasa iko sebuleni kwenye fremu ya dhahabu, wanajumuiya wameiona, ndugu wa Choma wametumiwa, na kila nikipita ananiita ndani kunywa chai na chai yenyewe hainishuki. Naona aibu mpaka nimeanza kuzunguka njia ya mbali.

Minza anakuja Ijumaa kulala kwa mama yake, mara ya kwanza tangu Juni. Nilifikiri nipate lenzi sahihi, Jumapili nimpige kweli, halafu nibadilishe picha ndani ya fremu bila mtu kujua. Nisaidie.

Nasri, Kanyenye


Nasri,

Marahaba. Nimekusoma mpaka mwisho, na sasa nafoka.

Tumalize lenzi kwanza. Mimi siyajui hayo, nimemuuliza Dionis anayetupigia picha za mpira hapa gazetini. Alicheka sana, kisha akasema hilo dude la mia sita lirudishe lilikotoka. Chukua ya kuvuta, milimita sabini hadi mia mbili, anza kwa mbali na uirudishe kadiri mrukaji anavyokaribia. Tazama kitambaa cha kuonyesha upepo, kisha simama upepo ukikupiga mgongoni, nje ya eneo la kutua, watakuja wakikuelekea. Hema la wageni rasmi achana nalo. Umeona? Maneno machache tu, ila wewe umeyajazia karatasi kwa sababu lenzi haikuaibishi.

"Sikusema, nilinyamaza." Hebu acha hizo! Uliitikia "Ndiyo mama." Mwanamke alikukabidhi macho yake mawili, na wewe uliogopa kuonekana hujui kazi. Kushindwa ni jambo la kawaida, harusi haikufundishi kupiga picha za angani. Ungemwambia siku ileile angeguna, angesikitika, yangeisha. Badala yake umemwacha mjane anamtafuta marehemu mumewe kwenye miguu ya Mathias. Nakuonea huruma kwa chai hiyo, lakini si sana.

Mpango wa kubadilisha picha kimyakimya ufute. Minza ataingia sebuleni Ijumaa na mzigo wake begani, ataangalia ukutani, atacheka, "Mama, mbona huyu ni Mathias?" Na hapo aibu yako ataibeba mama, mbele ya mwanawe na mbele ya jumuiya nzima.

Kwa hiyo nenda kesho. Usipige simu, usitume ujumbe. Piga hodi, kaa, chai usiiguse kwanza. Mwambie, "Mama, huyu si Minza. Nilimkosa, nikakudanganya." Usimtajie upepo, wala kamba ya hema. Akikufukuza, ondoka. Akilia, kaa. Jumapili usielekeze kamera kwa mwanawe mpaka mama mwenyewe akwambie.

Na usiende mikono mitupu. Ile picha ya kiatu na vumbi isafishe leo kwenye karatasi, usiirembe kwenye kompyuta, umpelekee. Najua ni mbaya. Lakini mguu ulio ndani ya kiatu hicho ni wa mtoto wake, na akiutambua safari hii atakuwa hajakosea. Katika siku ile nzima, Nasri, hicho ndicho pekee ulichomtazamia.

Bi Sikuzani