Jiwe la Baba na Bahasha Mbili

Dada yangu mpenzi,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakusihi: isome barua hii peke yako, kisha uichome, na baba asijue hata neno moja. Shikamoo. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na goti la baba limepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Uliniandikia kuwa majirani bado wanamwita baba Balozi wa Mwezini na kumuuliza viza zinatolewa lini, na kwamba kwa hasira amelivunja kwa nyundo lile jiwe lake, alilosema limeanguka kutoka Mwezini na ofisi yetu ikalikataa, akalichanganya na zege la sakafu ya jikoni. Niliposoma hapo, nilichukua kalamu nikuandikie.

Kazi yetu hapa ofisi ya kupima mawe iko hivi. Kila jiwe linaloletwa hukatwa kipande chembamba, kikawekwa ndani ya bahasha yenye namba na kupelekwa kwa mpimaji, mama mmoja tunayemwita Bibi Darubini. Hupima chuma na madini ya manganizi yaliyomo, hutazama chembe nyeupe zilizogandamana ndani ya kijivu, kisha husema kama limetoka Mwezini. Jiwe zima halioni kamwe. Siku ya jiwe la baba lilikuwapo jingine, la dereva wa lori. La dereva likaonekana la Mwezini. La baba, taka za tanuru la chuma.

Wiki iliyopita makumbusho yaliyolichukua jiwe la dereva yalilipima upya. Taka za tanuru. Bibi Darubini akaapa kuwa kipande chake hakidanganyi, basi dereva ndiye aliyebadilisha jiwe. Yuko mahabusu. Mkewe huja kaunta kila asubuhi, huniita mwanangu, huniuliza kama faili limesogea. Namjibu bado, mama.

Dada, bahasha zile niliziandika mimi. Niliharakisha la baba nisionekane nampendelea, nikatia kipande chake kwenye bahasha ya dereva, na cha dereva kwenye ya baba. La baba ndilo la Mwezini. Nikisema leo, watasema nampigania baba yangu, na jiwe la kulinganisha limo ndani ya zege. Naye akijua alichokivunja, sijui atalala vipi.

Wabusu watoto. Ichunguze sakafu, ukiona kijivu chenye madoa meupe, kibandue, usikioshe, kifunge kwa karatasi kavu. Baba akiuliza, mwambie unatafuta sisimizi. Usipige simu ya ofisini, huipokea mkuu. Kipande hicho mpe fundi viatu aliye mbele ya lango la ofisi yetu; ni msiri. Akikwambia hajaniona siku mbili, niulize kituo cha polisi nyuma ya posta. Nitakuwa nimeshindwa kumjibu tena yule mama “bado”, nikaenda kusema ukweli.

Mdogo wako,
Karani