Madawati Manne na Mwandiko Wangu

Jumatano, Bwera

Mvua ilianza alfajiri na sasa imebaki manyunyu. Milima haionekani. Nimekaa jikoni nawaandikia kwa simu ya shangazi, na watu wa nyumbani wananipita kana kwamba mimi ni gunia lililowekwa njiani.

Nina aibu. Naanza na hilo ili nisilizunguke.

Jumatatu shule inafunguliwa. Ukiondoa majuma machache ya katikati, ni karibu miaka miwili tangu corona itufungie nikiwa kidato cha kwanza. Nimeota siku hii mara nyingi. Nilifua sketi yangu ya shule mapema, nikaona imekuwa fupi, mama akashusha upindo wake. Nilidhani hilo ndilo litakuwa tatizo langu kubwa.

Jumamosi iliyopita wazazi na wanafunzi tuliitwa kufanya usafi. Wanaume walifyeka nyasi zilizokuwa zimefika madirishani. Sisi tulikwangua mavi ya popo na ya mbuzi sakafuni. Mwalimu mkuu alinipa daftari na kuniambia nizunguke naye, niandike kila kitu kilichopotea, kwa sababu nina mwandiko mzuri. Nilifurahi sana. Hata furaha hiyo nikiikumbuka inanichoma.

Darasa la mwisho lina alama nyeusi za moto sakafuni. Humo walilala watu wa upande wa Beni, walipovuka mpaka kukimbia vita wakati shule imefungwa. Madawati manne hayakuwepo. Mama mmoja aliegemea fagio lake akasema wageni waliyapikia maharage. Mwingine akaongeza kwamba Mkongo akikosa kuni atang'oa hata mlango aliolala nyuma yake. Watu wakacheka. Mwalimu mkuu hakucheka. Aliniambia niandike: madawati manne, yalichomwa na wakimbizi.

Nikaandika.

Niliandika vizuri, herufi zote zimesimama sawasawa, huku nikijua kwamba madawati yale yako nyumbani kwetu.

Baba aliyachukua mwaka wa kwanza wa corona. Mlinzi alikuwa ameondoka, mchwa walikuwa wameanza kula milango, na kila mtu alisema shule hazitafunguka tena. Tulikuwa tunakausha kahawa chini, kuku wanaipekua, na mnunuzi analalamika kwamba ina udongo. Basi baba akazibandua mbao za madawati na kuzipigilia juu ya miti ya mikaratusi, tukapata kichanja kizuri cha kukaushia. Mimi ndiye niliyemshikia misumari. Sikuona kama ni wizi. Niliona ni ujanja wa baba yangu, na nilijivunia.

Jumamosi baba alikuwepo. Yeye ni mjumbe wa kamati ya wazazi. Alisimama mlangoni na panga lake, akasikia kila neno, akageuka kuangalia nje kama mtu anayekagua mawingu.

Wengi wa wale waliolala shuleni wamekwisha kurudi kwao. Kijijini kwetu imebaki familia moja: Kavira, mama yake na wadogo zake wawili. Kavira ni wa umri wangu, na alikuwa anangoja kuandikishwa ili aanze nasi Jumatatu. Mwalimu mkuu alisema hataandikishwa mpaka mama yake aeleze habari za madawati. Kavira alikuwa hapo hapo na ndoo ya maji ya kuoshea sakafu. Aliiweka chini polepole, maji yasimwagike.

Jumapili baada ya kanisa nilimwambia mama kwamba siwezi kula kwa sababu ya madawati yale. Mama akamwambia baba. Nilimsikia baba chumbani akiuliza, "Kwani mimi nilijua shule itafunguka?" Kisha akaenda kutafuta nyundo.

Alizipigilia tena zile mbao kwenye miguu ya madawati jioni ile, na juzi Jumatatu kabla hakujapambazuka vizuri aliyabeba madawati mawili mawili, akayaacha upenuni mwa ofisi. Nilidhani yamekwisha. Nilikunywa uji wangu wote.

Jana nilikwenda shuleni kuandikisha jina, kama wengine. Mwalimu mkuu alitukusanya uani akatuambia, kwa furaha kabisa, kwamba madawati yamerudi, na kwamba wageni wetu wameguswa na dhamiri. Kavira ataandikishwa. Ila Jumatatu, mbele ya wazazi wote, mama yake atasimama na kuomba radhi, ili iwe fundisho. Alisema mama huyo amekwisha kukubali.

Amekubali.

Nilijaribu kuelewa mtu anakubalije kosa ambalo hakulifanya. Sikulala vizuri, na leo asubuhi nilikwenda kwao katika mvua. Kavira alikuwa mlangoni akichagua maharage. Kwa kawaida tunaelewana kwa Kikonzo changu na Kinande chake, lugha zetu ni kama dada wawili, lakini akiwa na jambo zito huongea Kiswahili chake cha Butembo. Nilimwambia yote: baba, kichanja, misumari, daftari. Nililia kabla ya kumaliza. Yeye hakulia. Aliendelea kuchagua maharage.

"Mama aligeuza kahawa yenu juu ya zile mbao musimu muzima," alisema. "Unazani hakuona?"

Sikuwa nimefikiria hilo hata mara moja. Mama Kavira ndiye anayetufanyia kazi wakati wa mavuno. Amesimama pale uani kwetu siku baada ya siku, mikono juu ya mbao za shule, nami nikimpelekea chai.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Kavira aliniangalia kama anavyoangaliwa mtoto anayeuliza kwa nini moto unaunguza. "Siye tuko wageni. Akisema, kazi ya kwenu inaisha, na mimi sisome. Aombe tu radhi. Haiuwe mutu." Kisha akanisogezea sinia la maharage ili apate pa kunyoosha miguu, akasema tena bila kuinua macho: "Wewe uko na mwandiko muzuri. Na hiyo utaandika?"

Niliondoka nikiwa nimelowa. Sikwenda nyumbani. Miguu yangu ilikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu na mimi nikaifuata.

Ningependa kusema kwamba nilizungumza kwa ujasiri. Sivyo. Nilianza na habari za sketi yangu, sijui kwa nini, na yeye akadhani nimekuja kuomba sare. Ndipo nikasema, "Mwalimu, madawati yalikuwa kwetu. Baba ndiye aliyeyarudisha. Na mimi nilijua nilipokuwa naandika."

Aliuliza kama baba anajua nimekuja. Nikasema hapana. Alivua miwani, akasema Mama Kavira hatasimama Jumatatu. Kuhusu nani atasimama, atazungumza na baba. Nilipofika mlangoni akaniambia kwamba angeniheshimu zaidi kama ningemwambia Jumamosi. Hakusema kwa hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira.

Nyumbani nilimwambia baba mwenyewe, kabla hajaitwa. Nilipiga magoti kama tunavyofanya tukimsalimu mkubwa, nikasema nimekwenda wapi na nimesema nini. Baba alivaa koti akatoka kwenye mvua. Mama anasema amekwenda kwa kina Kavira. Mdogo wangu anasema ameelekea shuleni. Mpaka sasa hajarudi, na mimi namwonea huruma baba yangu, na naona aibu kwamba huruma hii imekuja kwangu upesi kuliko ile ya kumhurumia Mama Kavira.

Mnaosoma hapa huwa mnaniambia kwamba mimi ni msichana mwema. Nimefikiria kutoandika haya ili mwendelee kuniambia hivyo.

Sijui kamati itamfanya nini baba. Sijui kama mama yake Kavira atakuja tena kwetu msimu ujao, au kama tutathubutu kumwita. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimepanga kufika Jumatatu mapema kuliko wote, nikae karibu na dirisha na kumshikia Kavira nafasi pembeni yangu. Sitafanya hivyo. Nitangoja aingie kwanza, achague pa kukaa, na popote atakapochagua, hata kama ni mbali nami, nitapata mahali.